Upande wa Pili wa Minyaa

Alipofariki, waliomwosha walikuwa wanawake aliowafundisha yeye mwenyewe, na nimeambiwa walipata tabu kidogo mwanzoni, kwa sababu kila mmoja alisimama na kata yake ya maji akisubiri yeye atoe amri. Kwa muda mrefu hapa mtaani kwetu, Singida Mjini, hakuna mwanamke wa Kiislamu aliyeondoka duniani bila kupita mikononi mwake. Tulimwita Mwoshaji. Alikuwa na jina lake zuri alilopewa na wazazi, lakini wengi hawakulijua, na mimi niliyelijua nikiliandika hapa nitaona kama ninamzungumzia mtu mwingine.

Nyumba yake na madrasa niliyokuwa nikifundisha zilitazamana. Alinizidi umri, kwa hiyo nilimwamkia shikamoo kila asubuhi. Naye, kwa kuwa nilikuwa na vitabu, aliniita Maalim hata nilipokuwa kijana ambaye ndevu zake zilikuwa bado zinajifikiria. Hivyo kila mmoja akamheshimu mwenzake, na heshima hiyo ikadumu mpaka mwisho. Ninamshukuru Mwenyezi Mungu kwa ujirani ule. Kuna mambo niliyoyasoma chuoni nikayaelewa nilipomwona yeye akiyafanya.

Kazi yake sikuiona kwa macho, maana mwanaume haingii pale. Niliyoyajua niliyapata kwa marehemu mke wangu, ambaye alikuwa akimsaidia kuteka maji na kusaga majani ya mkunazi. Mke wangu alisema jambo la kwanza Mwoshaji alilofanya ni kutumbukiza kiwiko kwenye ndoo. Maji hayakutakiwa kuwa ya moto wala ya baridi. "Ya kuogeshea mtoto mchanga," alikuwa akisema, na kama hayakuwa hivyo yalirudishwa jikoni, hata kama wanaume nje wameanza kukohoa kwa kukumbusha kwamba muda unakwenda. Jambo la pili, alizungumza na maiti. Hakuvuta mkono wa mtu, aliuomba. "Nipe mkono, mama. Hivyo. Sasa geuka. Taratibu, taratibu." Kwa wazee wa vijijini alinong'ona Kinyaturu. Siku moja msichana mmoja aliyekuja kujifunza akacheka, akamwuliza kwa nini anamsemesha mtu asiyesikia. Mwoshaji hakukasirika. Alimwambia, "Wewe umejuaje kama hasikii? Na kama hasikii, adabu yangu imepungua nini?"

Akitoka pale ndani hakusema lolote. Watu wana udadisi wao, na wengine wanapenda kujua marehemu alikuwaje, uso ulikuwa na nuru au haukuwa nayo. Jibu lake lilikuwa moja tu: "Alikuwa msafi." Alilitoa kwa mke wa shehe, na alilitoa kwa mama mmoja wa kilabu cha pombe kule nyuma ya soko, ambaye wanawake wengine walisita kumgusa. Mwoshaji alikwenda akamwosha tangu mwanzo hadi mwisho, akamtia karafuu maiti kama alivyotiwa kila mtu. Alipotoka walikuwa wamejipanga uani kama watu wanaosubiri taarifa ya habari.

"Haya, alikuwaje?"

"Alikuwa msafi."

"Yule?"

"Nimemwosha mimi. Unataka kusema sijui kuosha?"

Wakaondoka mmoja mmoja. Na mke wangu alipofariki, nikiwa nimekaa kwenye mkeka nikiwa sijui hata mikono yangu niiweke wapi, alikuja akasimama mbele yangu akaniambia maneno hayohayo mawili. Nilijua anawaambia watu wote hivyo. Hata hivyo niliyashika, na bado nimeyashika.

Nisimfanye malaika. Alikuwa mkali, na alikuwa na mambo yake. Mwanamke huyu ambaye hakuogopa maiti ya aina yoyote, hata ya ajali ya barabarani kule Misigiri, aliogopa kuona kuku akichinjwa. Alifuga kuku wengi wa kienyeji, aliwapa majina, na siku ya kitoweo alimkabidhi kuku kwa yeyote anayepita, kisha yeye akaingia ndani akajifungia mpaka aambiwe kwamba jambo limekwisha. Halafu akala vizuri tu, na kunyonya mifupa. Nilipomtania alisema, "Maalim, mimi napokea waliokwisha kufa. Kumuua mtu ni kazi ya mwingine."

Na alipenda mpira. Sijui aliupata wapi ugonjwa huo. Redio yake ilikuwa inaning'inia kwenye msumari jikoni, na timu yake ikicheza, majirani wote tulijua matokeo kwa jinsi sufuria zilivyowekwa chini. Zaidi ya mara moja msiba uliangukia siku ya mechi. Hapo ungemwona anatoka kwenye chumba cha kuoshea, uso mzito, ushungi umekaa sawasawa, anapita karibu na vijana waliosimama na jeneza, na bila kugeuza shingo anauliza, "Ngapi ngapi?" Kijana anajibu kwa kuficha mdomo. Yeye anaendelea na safari yake, na kwa mwendo wake tu tulijua kama amefurahi.

Ukali wake wenyewe ulikuwa kwenye salamu. Mtoto aliyepita mbio mbele ya nyumba yake akatupa "shikamoo" bila kusimama alirudishwa. "Wewe! Rudi hapa. Simama. Nisalimie nikuone." Mtoto alisimama, akasalimia upya, ndipo Mwoshaji akajibu marahaba. Wanafunzi wangu wa madrasa walikuwa wakizunguka nyuma ya nyumba ili wasipite pale. Nilidhani ni mambo ya malezi, na nilimuunga mkono.

Lipo jambo jingine ambalo lilimshangaza kila mtu, na hili ndilo lililonifanya nianze kuandika.

Makaburi ya zamani ya mji wetu yalikuwa ya watu wote. Upande wa juu walizikwa Wakristo, upande wa chini Waislamu, na katikati palikuwa na ua mrefu wa minyaa, umesongamana kama ukuta. Kwa Wakristo wanawake huenda mpaka kaburini, huimba, huweka mashada. Kwetu, jeneza likishatoka uani, wanaume huondoka nalo na wanawake hubaki nyumbani. Wanavyuoni wamehitilafiana juu ya mwanamke kuzuru makaburi baadaye, na wako wanaomruhusu kwa adabu zake; lakini hapa kwetu hakuna aliyekuwa akiuliza wanavyuoni. Ilikuwa ni desturi, na desturi ilikuwa imekaa muda mrefu mpaka ikavaa nguo za dini.

Basi Mwoshaji, ambaye hakuwahi kukanyaga upande wetu, alikuwa hakosi maziko ya upande wa Wakristo. Akifa jirani Mkristo, au ndugu wa jirani, au hata mtu ambaye alimjua kwa kununua kwake mafuta ya alizeti, Mwoshaji alifunga khanga akafuata jeneza. Alikwenda na jirani yake wa ukuta kwa ukuta, mama mmoja wa kanisani aliyeongoza sauti ya pili, ambaye sisi sote tulimwita Mama Kwaya. Walikuwa marafiki wa kugombana kila siku. Wanaume wa barazani walimtania Mwoshaji.

"Bi mkubwa, mwisho tutakusikia unaimba."

"Ningeimba zamani. Sauti ndiyo sina."

Na kulikuwa na jambo la ajabu zaidi. Kwenye misiba yetu hakutoa chozi. Alisema maji yake yote yako kwenye ndoo. Lakini aliporudi kutoka maziko ya Wakristo mara nyingi macho yake yalikuwa mekundu, jicho moja limevimba kabisa. Mtaa mzima ukasema, tazameni moyo wa mama huyu, hawalilii wake, anawalilia majirani. Mimi mwenyewe nilimtolea mfano katika darsa baada ya magharibi, bila kumtaja, nikieleza haki za jirani. Wote walijua ni nani. Yeye alikuwa upande wa wanawake nyuma ya pazia, na aliniambia kesho yake, "Maalim, darsa lilikuwa zuri, lakini usinitie tena." Nikadhani ni unyenyekevu.

Kisha makaburi yale yakajaa, yakafungwa, na mji ukapewa mengine mbali, kwenye njia ya kutokea mjini. Tangu hapo Mwoshaji hakwenda tena kwenye maziko ya Wakristo. Alikwenda nyumbani kwenye msiba, alichota maji, alipika, lakini jeneza lilipoondoka alibaki. Tukasema amezeeka, safari imekuwa ndefu.

Makaburi ya zamani yakabaki peke yake. Ukuta ukaanguka upande mmoja. Mbuzi wakaingia, na vijana wa kuvuta bangi, na taka. Upande wetu wa chini miiba ilifunga kabisa hata mtu asingeweza kuona jiwe wala kaburi. Tulipita pale tukageuza nyuso, tukasoma dua yetu kwa haraka, tukaendelea na shughuli. Ndipo zikaja habari kwamba manispaa wanataka kupafanya bustani ya wananchi: njia za kutembea, viti, majani, na upande wa juu kabisa, penye mwamba ambapo hapajawahi kuzikwa mtu, jukwaa la ngoma za asili, maonyesho ya shule na masimulizi ya wazee.

Mji ulichemka. Waislamu na Wakristo, ambao kwa mambo mengine tuna utaratibu wa kutoleana maneno kidogo, kwa hili tulikuwa kitu kimoja: tulikataa. Mkutano uliitwa katika ukumbi wa shule. Mtendaji wa kata alikuja, na binti mmoja wa mipango miji, mpole, mwenye ramani aliyoibandika ubaoni na upepo wa dirishani ukawa unaiangusha kila mara.

Mzee mwenye duka la vitambaa alisimama wa kwanza. Huyu ndiye aliyekuwa akitoa vitambaa vya sanda, mtu wa heshima. Alisema, "Wazee wetu wamelala pale. Leo watoto waje wakate viuno juu yao? Mimi baba yangu yuko pale." Ukumbi ukapiga makofi. Mchungaji mmoja mstaafu akasema karibu maneno hayohayo. Nilipopewa nafasi nilisema kwa utaratibu kwamba wafu wana haki zao, kwamba haifai mtu kukaa juu ya kaburi wala kulikanyaga, na nikaomba tusiharakishe. Nilikaa nikiridhika na nafsi yangu.

Kijana mmoja wa bodaboda, kutoka nyuma, akasema, "Wazee, kwani sasa hivi pale anakaa nani? Mbuzi wa nani wale?" Watu wakacheka, kwa sababu baadhi ya mbuzi wale walikuwa wa mzee wa vitambaa.

Ndipo Mwoshaji akasimama. Ukumbi ulimgeukia, maana wote tulijua atasema nini. Nani mwenye haki ya kuwatetea wale kuliko yeye?

"Binti," alimwambia yule wa mipango miji, "hilo lango litakuwa na mtu wa kuuliza mwanamke anakwenda wapi?"

Binti hakuelewa. "Hapana, bibi. Ni bustani ya umma. Kila mtu anaingia."

"Hata mwanamke wa Kiislamu? Peke yake? Akakaa?"

"Ndiyo, bibi. Viti vitakuwepo."

"Basi mimi nakubali."

Mzee wa vitambaa aliinuka tena. "Bi mkubwa! Wewe? Wewe uliyewaosha? Unakubali wachezewe ngoma?"

"Nimewaosha, ndugu yangu. Sijawazika. Mmezika nyinyi, na mlipomaliza mkafunga na mlango." Alitengeneza ushungi wake. "Nina mtoto pale. Mnamjua, wengine mlibeba. Nilimwosha kwa mikono hii. Mlipomtoa uani nilisimama mlangoni nikawaangalia mpaka mkakata kona ya mashine ya kusaga. Baada ya ile kona mimi sijui. Mpaka leo sijui. Mume wangu alikuwa anajua, naye amekwenda na habari zake."

Kisha akamgeukia tena yule binti wa mipango miji.

"Sitaki ngoma karibu nao, na wakati wa adhana pawe kimya. Na greda lisiingie. Wale nimewageuza kwa kuwaomba, msije nyinyi mkawageuza kwa greda. Mfyeke kwa mikono. Lakini kiti mniwekee."

Akakaa. Mama Kwaya, aliyekuwa karibu yangu, alikuwa anajifuta uso kwa ncha ya kitenge. Akaniinamia akasema, "Maalim, kwani wewe hujui? Yale macho mekundu ulidhani ni kilio? Ni utomvu wa minyaa. Sisi tunazika, yeye yuko kwenye ule ua, anafunua matawi achungulie upande wenu. Nimemwosha jicho kwa maziwa sijui mara ngapi. Nikimgombeza ananiambia, 'Leo nimeona vizuri kidogo.'"

Nilimkumbuka mtoto yule. Alikuwa msichana wa shule ya msingi, mrefu, mwenye meno ya mbele yaliyoachana, mtoto pekee ambaye wazazi wake walijaliwa kubaki naye, na homa ilimchukua katika majuma ya mvua. Sikumkumbuka kwa huzuni bali kwa kelele. Ndipo Mama Kwaya, kama vile tulikuwa tunawaza pamoja, akasema, "Na huo ukali wake wa salamu, mwenyewe alimlea vipi? Yule mtoto alikuwa anatoa shikamoo kule kwenye kona ya mashine, anakimbia, begi linaruka, 'Shikamoo mamaaa!' Na huyu huku uani anaitikia kwa sauti ya kuita kuku, 'Marahaba!' Mtaa mzima unacheka. Baada ya yule hataki mtoto yeyote amsalimie kwa mbali."

Mkutano ulikubali. Sitasema sote tulibadilika mioyo siku ileile. Mzee wa vitambaa aliondoka bila kuaga, lakini wiki ile mbuzi wake hawakuonekana tena pale.

Njiani Mwoshaji alinipunguzia mwendo mpaka nikamfikia. Alitazama mbele tu.

"Maalim, wewe ulikuwepo siku ile."

"Nilikuwepo."

"Yuko wapi?"

Nilifikiri vizuri, kwa sababu nilitaka kusema kweli. "Upande wa chini. Karibu na jiwe."

Alisimama katikati ya njia, akanitazama kama anavyotazama ndoo yenye maji ya baridi. "Jiwe. Singida hii. Maalim, umenisaidia sana."

Tulicheka wote wawili, lakini nilirudi nyumbani nikiwa na aibu. Mji wetu umejengwa katikati ya mawe; yako uani kwa watu, yako shuleni, yako mpaka ziwani. Kesho yake nilikwenda. Nilijaribu kuingia kwa upande wa ukuta ulioanguka, miiba ikanishika kanzu, na macho yangu wakati huo yalikuwa tayari yameanza kufunga ukungu. Niliona kijani na kijivu tu. Nilirudi nikamwambia kwamba sijafanikiwa. Akasema, "Haidhuru. Mimi ninapo pangu ninapopatazama."

Kazi ilianza, nami nikaondoka. Mwanangu alinipeleka Dodoma nikatibiwe macho, na matibabu yale, pamoja na kupumzika kwake, yalinichukua muda mrefu. Alhamdulillahi, nilirudi ninaona mpaka sisimizi ukutani. Mtu wa kwanza niliyemuulizia alikuwa jirani yangu. Wakaniambia, kama humkuti nyumbani baada ya alasiri, yuko bustanini.

Nilikwenda. Nilipita langoni na hakuna aliyeniuliza kitu. Walikuwa wamefyeka kwa mikono kama alivyotaka. Makaburi yalibaki yalivyo, yamepandwa majani ambayo yalikuwa bado hayajakubali ardhi ile sawasawa, na njia za changarawe zilizunguka kwa adabu bila kukanyaga mtu. Minyaa ilikuwa imeondolewa yote. Nilishangaa kuona jinsi pande mbili zile zilivyokuwa karibu. Juu kabisa, penye jukwaa, kikundi kilikuwa kinajifunza ngoma, na sauti ilifika chini ikiwa imepungua, kama inatoka kijiji kingine. Karibu na bomba la maji wasichana wa shule walikuwa wanaruka kamba. Mama mmoja aliuza karanga.

Mwoshaji alikuwa amekaa kwenye kiti kilichokuwa karibu na ulipokuwa ua wa minyaa. Alikuwa amekonda. Fimbo ilikuwa pembeni yake, na mto mdogo wa kukalia alioushona mwenyewe.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, Maalim. Kaa nikuone. Macho yamerudi?"

"Yamerudi."

"Basi tazama. Mimi kila siku nipo hapa. Namsalimia, namwambia habari za mtaani, kuku nani ametaga, timu imefungwa. Pale." Akanionyesha kwa kidevu, sehemu iliyokuwa moja kwa moja mbele ya kiti, tuta dogo lenye majani mabichi. "Ndipo nilipokuwa napaona kutoka kule kwenye minyaa. Moyo ulipachagua. Nikasema atakuwa pale."

Nilitazama pale. Halafu nikatazama chini zaidi, kupita bomba, kule ambako zamani miiba ilifunga. Jiwe lilikuwa limesimama peupe, limesafishwa, kubwa kama trekta, na katikati lina ufa uliopinda.

Ufa ule niliujua. Siku ile nilikuwa kijana, nilishika pembe moja ya shuka tuliyoitandaza juu ya kaburi, kama inavyofanywa kwa mwanamke anapoteremshwa, na kwa kuwa nafasi ilikuwa ndogo mgongo wangu ulilala kwenye jiwe. Mvua ilikuwa imekatika na jua limetoka, jiwe lilikuwa linachoma, na sikuweza kusogea kwa sababu ningeachia shuka. Niligeuza uso pembeni kwa maumivu nikauona ufa ule, na mjusi akiingia ndani yake. Baba wa mtoto alikuwa chini, anapokea.

Nilijiuliza kama ni rehema kumwambia au ni rehema kumwacha. Alikuwa ametulia pale. Lakini alikuwa ameniuliza swali mbele ya Mungu, njiani, kwa heshima, na jibu lilikuwa sasa ninalo.

"Mama," nilimwambia, "si pale."

Hakugeuka. "Ni wapi?"

"Lile jiwe lenye ufa, chini ya bomba. Mgongo wangu uligusa jiwe lile. Yuko mbele yake."

"Una hakika? Si jiwe tu la Singida?"

"Nina hakika."

Alilitazama tuta la mbele yake. Kisha mabega yake yakaanza kutikisika, nikaogopa, mpaka nilipoona kwamba anacheka.

"Sasa huyu wa hapa ni nani? Miaka yote nachungulia, na sasa kila alasiri namwita mwanangu, mwanangu. Pengine ni mzee wa watu mwenye ndevu. Anajiuliza, huyu mama ana nini na mimi?"

"Atakuwa ameshukuru."

"Atakuwa amechoka habari za kuku." Alifuta macho. Akaliinamia tuta lile kidogo, kwa heshima, kama mtu anayeaga nyumba aliyokaa ugenini. "Haya baba, au mama. Tusameheane. Nimekosea mlango."

Nilichukua mto, yeye akachukua fimbo. Tulishuka polepole kwa njia ya changarawe. Wasichana waliacha kamba, wakasimama, wakatusalimia mmoja mmoja kama alivyokuwa amewazoesha, naye akawaitikia. Mbele ya jiwe palikuwa na kiti kingine, kipya, ambacho nadhani hakuna aliyekuwa akikikalia kwa sababu ya jua. Nilimwekea mto. Alikaa, akatengeneza ushungi, akaweka mikono yake mapajani, ile mikono, viganja vikiangalia juu.

Nilisoma fatiha kwa sauti ya chini. Alipoitikia amina nilidhani ataanza kusema habari zake, au atalia, na nikageuka kidogo ili nimwachie nafasi. Hakufanya hivyo. Aliinamisha kichwa upande mmoja kama mtu anayesikiliza njia. Upepo ulikuwa unatoka ziwani, wasichana walikuwa wamerudi kwenye kamba yao. Alisikiliza kwa muda.

Kisha akainua uso na kuitikia kwa sauti kubwa, sauti ya uani ambayo sikuwa nimeisikia tangu ujana wetu, mpaka muuza karanga akageuka:

"Marahaba!"